Mawese kwenye Kamioneti ya Amissi

Siku nne kabla ya uhuru wa Burundi, kamioneti ya Amissi, gari lake dogo la mizigo, ilizimika mara tatu kati ya nyumba yake na msikiti wa Rumonge, umbali ambao mtu huutembea kabla uji wake haujapoa. Ilitoa moshi mweusi, ikakohoa, ikanyamaza.

Amissi alikuwa amewaapia wanawake waimbaji wa Kigwena kwamba alfajiri ya tarehe mosi Julai atawafuata, wafike mjini waimbe kabla bendera mpya haijapanda. Habari za moshi zilipowafikia, Mulamba mwenye baiskeli alijitolea kuwabeba mmoja mmoja, akasema akianza mara moja, wa mwisho atafika kabla ya Krismasi. Wanawake walicheka sana. Amissi aliposimuliwa, hakula chakula cha mchana.

Alimwita jirani yake Cikuru, Mkristo wa kutoka Kivu aliyekuwa akitengeneza injini za mitumbwi ya wavuvi. Walifungua injini pale uani. Buji zilizopaswa kutoa cheche zilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Cikuru alisema gari linakunywa petroli nyingi na kuvuta hewa kidogo. Wakaweka buji mpya. Kesho yake asubuhi moshi ukawa uleule. Wakasafisha kabureta, tundu kwa tundu. Asubuhi iliyofuata, moshi.

Jambo la ajabu ni kwamba jua likipanda, gari liliwaka bila shida.

Tena kulikuwa na suala la dua. Amissi aliomba baada ya sala ya alfajiri, mkono juu ya boneti, kwa moyo wote, na gari halikuwaka. Cikuru aliomba saa sita mchana, akifumba macho na kushika spana, na gari likawaka. Ikawa hivyo siku tatu. Cikuru hakujisifu, ila alianza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa kidogo. Amissi akawa mnyonge. Alimwuliza mkewe Esha kama kuna dhambi anayoikumbuka.

Esha alijifunika mdomo kwa kanga, akasema yeye si wa kumkumbusha mtu dhambi zake.

Lakini alikuwa anajua. Esha alikuwa ameuza mafuta ya mawese sokoni miaka kumi na moja. Alijua kwamba katika baridi ya asubuhi za kiangazi mawese huganda ndani ya chupa, na mchana huyeyuka yenyewe. Alijua pia kwamba kila mara kamioneti ya mumewe ilipopita mchana, mtaa mzima ulisikia harufu ya samaki wa kukaanga. Na chupa yake moja kubwa ilikuwa imebaki nusu. Alipouliza, Amissi alisema ni paka.

Hakusema neno kwa sababu mbili. Ya kwanza ni huyo paka. Ya pili ni kiti cha mbele. Upande mmoja wa kiti ulikuwa umebomoka, ikabaki nafasi moja tu karibu na dereva, na Amissi alikuwa ameshampa Mzee Hadji wa msikitini. Mkewe angepanda nyuma pamoja na ngoma.

Alasiri ya tarehe thelathini, Cikuru alisema sasa imebaki kuipasua injini yote. Amissi alikaa chini. Hapo Esha akatoka jikoni.

“Baba Bora, dua yako inakosa kitu kimoja.”

“Kitu gani?”

“Toba. Ulichukua nini kwangu bila kuomba?”

Amissi alimtazama paka, aliyekuwa amelala juu ya gurudumu.

“Paka hawezi kurudisha kizibo,” Esha akasema.

Ndipo Amissi alipoeleza. Mzungu aliyemwuzia gari alimwambia chujio la hewa liko na bakuli lake, na bakuli hilo linawekwa mafuta ya kushika vumbi. Hakusema mafuta gani. Amissi aliona mafuta ni mafuta, na ya Rumonge hayana mfano katika ziwa lote. Akajaza mpaka juu, ili gari lifurahi.

Cikuru alifungua chujio. Mawese yalikuwa yamejaa kwenye nyavu zake hadi juu, mazito, mekundu, yakingoja baridi ya usiku yagande tena kama sabuni.

“Ndugu, umeiziba pua,” alisema, akacheka mpaka akamwamsha paka.

Amissi hakucheka. Alimgeukia mkewe. “Nisamehe, Mama Bora.”

“Nimekusamehe. Kesho nitakaa mbele.”

“Na Mzee Hadji?”

“Umeshaanza kusema ukweli. Endelea nao kwake.”

Amissi mwenyewe aliziosha nyavu kwa petroli, akazikausha, akatia mafuta ya injini mpaka kwenye alama, si zaidi. Safari hii aliomba pamoja na Cikuru kwa wakati mmoja, kila mtu kwa maneno yake.

Alfajiri gari lilikohoa mara moja tu, kisha likawaka. Mzee Hadji alipanda nyuma, juu ya kiti kilichofungwa kwa kamba, fimbo mkononi kama chifu, akisema huku juu anaonekana vizuri zaidi. Walimpita Mulamba njiani, naye akavua kofia.

Esha alikaa mbele na chupa ya mawese mapajani, ya kukaangia samaki wa sherehe. Mpaka Kigwena, kila Amissi alipoitupia jicho, Esha aliihamishia upande wa dirisha.