Kadi Iliyohama

"Mtandao umekatika."

Sauti ilikuwa kavu, isiyo na huruma wala chuki, na Fundi aliisikia akiwa bado koridoni. Ikanyamaza kidogo, ikasema, "Mtandao umeunganishwa." Kabla hajagusa pazia la mlango, ikarudia: "Mtandao umekatika."

"Karibu," dada yake akasema bila kugeuka kutoka kwenye kompyuta. "Tangu asubuhi mume wangu huyu ananiimbia wimbo huo huo."

"Leo namwachisha ulevi, dada."

"Kwa maneno hujambo. Saa ngapi sasa?"

"Sita na nusu."

"Mtihani unafunguliwa saa nane. Nane na robo wanafunga mlango."

Dada yake alikuwa kipofu tangu utotoni. Kompyuta ile ya mezani ilimsomea kila kitu kwa sauti, naye alichapa kwa kasi ya kuwaaibisha makarani wenye macho. Kampuni moja ilitafuta watu wa kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuiandika. Mwezi uliopita waifai ilikatika katikati ya mtihani wao wa mtandaoni. Wakampa nafasi ya pili, wakasema ya tatu haipo. Ingekuwa kazi yake ya kwanza maishani, na asingehitaji mtu wa kumshika mkono kwenda wala kurudi.

Fundi akaketi, akapasha vidole moto. Ugonjwa aliujua: draiva, ile programu ndogo inayoiongoza kadi ya waifai, ilikuwa imechakaa. Alijisifu mtaa mzima kwamba hakuna mashine iliyowahi kumshinda, na kusema kweli hazikuwa nyingi. Akaing'oa draiva ya zamani pamoja na mafaili yake yote, gugu na mizizi yake. Nakala hakuacha. Nakala ni za waoga. Kisha akachomeka flashi, akaweka draiva mpya, ya kadi iliyotajwa kwenye lebo ya kompyuta.

"Kifaa hakikupatikana," kompyuta ikasema.

Akarudia.

"Kifaa hakikupatikana."

"Kifaa gani hicho?" dada yake akauliza.

"Subiri kidogo."

Akatafuta namba ya kadi kwenye skrini, akaisoma, na jasho likamtoka. Haikuwa kadi ya lebo. Mwaka juzi mteja mmoja mkali alimsimamia kichwani dukani, anataka mashine yake siku hiyo hiyo. Fundi akaja hapa, dada yake akiwa kwa shangazi, akachomoa kadi nzuri ya kumpa mteja na kupachika kuukuu iliyotoka kwenye mashine mfu. Ni ya wiki moja tu, alijiambia. Wiki ikazaa wiki, akasahau. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, lakini hapa mfinyanzi alikula kwenye sahani na gae akampa dada yake.

Draiva sahihi angeweza kuipakua kwa simu, ila tundu la simu yake lilikuwa bovu: lilipokea chaji, faili halikupitisha. Akachomoa flashi.

"Unakwenda wapi?"

"Dukani. Narudi sasa hivi."

Alikimbia. Draiva ya kadi kuukuu kama ile ilikuwa adimu. Tovuti ya kwanza ikampa takataka, ya pili ikampa virusi, ya tatu ndiyo iliyomhurumia, nayo ilishusha faili polepole mno. Aliporudi akihema, saa ya ukutani ilisema nane na dakika kumi.

Dada yake alikuwa amekaa vile vile, spika za masikioni zimemning'inia shingoni. Fundi akaweka draiva. Mstari wa kijani ukatambaa, ukasita, ukatambaa.

"Mtandao umeunganishwa."

Vidole vya dada yake tayari vilikuwa vinaruka juu ya kibodi. Jina. Namba ya siri. Ingia.

"Muda wa kuingia umekwisha," kompyuta ikasoma. "Asante kwa kushiriki."

Wakangoja. Mtandao haukukatika. Dakika tano, kumi, haukukatika hata mara moja.

"Draiva ile ya kwanza ilikuwa mbovu," Fundi akaanza.

"Nyuma ya kompyuta hii kulikuwa na antena mbili za waifai," dada yake akasema taratibu. "Kila Ijumaa nilizipangusa vumbi. Ijumaa moja nikapangusa moja."

Fundi akaichungulia antena iliyobaki.

"Nikasema, mdogo wangu ana sababu zake. Nikangoja uniambie. Mara ya kwanza nilipofeli, nikangoja. Ukanipa pole, ukasema bahati mbaya."

"Nilisahau, dada. Wallahi nilisahau."

"Najua. Hilo ndilo linaloniuma." Akazivua spika shingoni, akazikunja. "Jioni mama atauliza. Atadhani mwanawe kipofu ameshindwa tena."

Fundi akapiga magoti kando ya kiti, akamshika mikono. Ilikuwa baridi.

"Hatadhani hivyo. Kampuni nitaiandikia sasa hivi, kwa jina langu, kwamba kosa ni langu, hata wasiponijibu. Na mama atasikia kutoka kinywani mwangu kwamba nilikuibia, nawe ukiwa umekaa hapo hapo unanisikiliza. Nakuahidi, dada."