Mizunguko Miwili ya Mjomba

Wimbo ulikuwa umerekodiwa mara mbili na mara zote mbili ulidoda. Fundi mitambo, mtu asiye na haraka wala huruma, akasema kupitia spika kwamba imebaki nafasi moja. Ukiharibika tena, santuri itatoka bila huo.

Mpiga piano ndiye aliyeutunga na kuandika sehemu ya kila chombo. Ulikuwa wimbo wake wa kwanza kuingia studio. Mjomba wake, mpiga saksofoni, alikuwa ameachiwa mizunguko miwili ya wimbo iliyo mitupu, bila noti, apige solo yake peke yake akibuni atakavyo.

"Shida ni makaratasi yako, mama," mjomba alisema akijifuta jasho. "Umetufunga kamba. Muziki haupimwi kama kiwanja."

"Mwache, mzee," mpiga tarumbeta akacheka. "Amesoma huyo."

Mpiga piano aliomba achezewe tena rekodi zote mbili, akasikiliza, penseli mkononi. Alichoshuku kikathibitika: solo ya mjomba ilikuwa ileile, noti kwa noti, hata pale alipovuta pumzi. Mjomba habuni. Amekariri.

Angeweza kumwambia, wakagombana mpaka muda uishe. Badala yake aliinakili solo nzima, akaigawa kwa tarumbeta na tromboni, akaipanga kabla tu ya zamu ya mjomba. Ili kupata nafasi, alifuta mizunguko miwili aliyoiandika mwenyewe, ile aliyoipenda kuliko yote.

Taa nyekundu ikawaka. Tarumbeta na tromboni zilipoianza solo ile, mjomba aligeuka kama mtu aliyekuta jirani amevaa suruali yake. Akamkazia macho mpwa wake. Mpwa akaendelea kupiga piano, uso mkavu.

Zamu ya mjomba ikafika. Pigo la kwanza likapita kimya. La pili. La tatu. Kisha saksofoni ikatoa noti moja ya chini, nzito, yenye mikwaruzo, naye akaifuata kila ilikompeleka. Mpiga ngoma akapiga ukelele, jambo lililokatazwa wakati wa kurekodi. Mizunguko miwili ilipokwisha, mpiga piano aliwainulia wenzake kidole: mmoja zaidi, usioandikwa popote. Halafu wote wakatua pamoja kwenye mwisho wake ulioandikwa, bila hata mmoja kuchelewa.

"Wimbo umeingia," fundi mitambo akasema. "Na ukelele wenu."

"Mwizi mkubwa wewe!" Mjomba alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Fundi, hebu turudishie nijisikie."

"Asisikilizishwe mpaka santuri itoke," mpiga piano akasema. "Ataikariri."