Mbweha Aliyepuliza Basi la Alhamisi

Kila neno ni kweli tupu, alisema Sadrudin, na akaapa kwa meno yake, ambayo yote thelathini na mawili yalitoka kwa daktari wa meno wa Harrow.

Wazee kumi na wanne wa klabu ya Alhamisi, pale Stanmore, London, waliweka vijiko chini. Walitaka maelezo ya mambo mawili: kwa nini basi lao dogo lilichelewa kuwachukua kwa dakika arobaini, na mkate wa mimina, ule wa mchele na nazi, aliokabidhiwa Sadrudin, dereva wao, aulete, ulikwenda wapi. Daksha aliyeuoka, mjane mzaliwa wa Mombasa, alikaa mkabala naye, mikono kaikunja. Kando yake alikaa Dhiren, mfamasia mstaafu na katibu wa klabu, na bahasha mezani.

Bahasha ile Sadrudin hakuipenda. Basi lilikuwa la shirika la hisani, na shirika lilikuwa limefunga kifaa cha kupima pumzi kwenye mabasi yake yote. Dereva hupuliza kwenye mrija. Kifaa kikinusa pombe, injini haiwaki. Hata akiwa safarini, mara kwa mara kinalia kumtaka aegeshe kando apulize tena. Na kila pumzi inaandikwa. Kanuni ya klabu ilikuwa fupi: dereva akikataliwa mara mbili asubuhi moja, bila sababu ya kueleweka, anarudisha ufunguo. Asubuhi hiyo Sadrudin alikataliwa mara mbili, yeye ambaye kwa miaka sabini na moja hajaonja hata bia. Na ufunguo ule ndio uliokuwa ukimtoa nyumbani tangu mkewe afariki. Bila huo, Alhamisi ingekuwa Jumatano nyingine tu.

Basi akaeleza. Alikuta mbweha kalala kwenye kiti cha dereva, kalewa chakari kwa matunda yaliyooza chini ya mti wa jirani, mrija kautia mdomoni kama mvuta shisha, anakoroma humo humo. Kifaa kilikuwa na haki ya kukasirika. Alipomwamsha kwa adabu, mbweha akaomba kifungua kinywa, na mgeni hanyimwi, ndipo Sadrudin akamkatia kipande cha mkate.

"Akala wote," alisema kwa huzuni. "Akasifu nazi, Daksha ben. Ila alisema iliki imezidi kidogo."

Bibi mmoja alicheka hata chai ikampalia. Daksha hakucheka.

"Hayo ni maneno ya mbweha, Sadru bhai?" aliuliza, naye akimwita kaka kwa Kigujarati kama alivyoitwa dada.

"Neno kwa neno."

Dhiren akafungua bahasha. Alisema masikitiko yake ni kwamba watu hutia sahihi karatasi wasizozisoma, kwani ile ya Sadrudin ilitaja kamera: kila anayepuliza hupigwa picha, ili mtu asimpulizie mwenzake. Picha ya kwanza ilimwonyesha Sadrudin na mrija mdomoni, chenga kwenye masharubu, mkate mapajani umepungua robo. Ya pili, baada ya robo saa, Sadrudin yuleyule, mkate umebaki nusu. Ya tatu, baada ya robo saa nyingine, kipimo sifuri, na mkate uko mikononi mwa Noëlla, Mkongo anayewasindikiza wazee.

Macho yote yakamgeukia Noëlla. Alisema alimkuta akikibembeleza kifaa baada ya kukataliwa mara ya kwanza. Sadrudin alimwomba ampulizie, yeye akakataa. Akamsomea kanuni ya kifaa: hamira ya mkate huacha pombe kidogo mdomoni, kwa hiyo asukutue kwa maji, angoje dakika kumi na tano.

"Nilimwambia asitie kitu mu kinywa," alisema Noëlla, ambaye humwita kila mzee Papa, yaani baba. "Papa akaniuliza kama mkate ni kitu."

Na ile nusu iliyobaki? Noëlla alimrudishia dereva walipofika, nayo ikaondoka nyuma ya klabu, injini ikiwa imezimwa, kwa kuheshimu kanuni.

"Sasa chagua," alisema Dhiren. "Kama aliyekula ni mbweha, mdomoni mwako mlikuwa na nini? Nitaandika pombe, na ufunguo uuweke hapa. Kama ni mkate, utaendelea kuendesha."

Sadrudin aliutazama ufunguo kando ya sahani yake. Alikuwa mbweha mzuri sana, labda mzuri kuliko wote aliowahi kuwa nao.

"Nilikula mimi," alisema. "Mbweha alikuwa shahidi tu."

Adhabu aliitaja Daksha. Alhamisi iliyofuata, alfajiri, Sadrudin alikuwa jikoni kwa Daksha akisaga mchele na kukuna nazi, akaoka mikate miwili, akaungua kidole, na hakuruhusiwa kuonja. Kisha alipuliza, akapata sifuri, na mikate ikasafiri kiti cha nyuma mapajani mwa Noëlla, imefungwa kwa kitambaa chenye mafundo mawili.

Klabuni Daksha alikata kipande, akatafuna polepole, kila mtu akimngoja.

"Iliki imepungua," alisema. "Mbweha angelalamika."