Motere ya Mumba Ndani ya Pipa

Mwaka wa kilio ulipotimia, Madeleine alipanda lori la samaki kutoka Kasenga akaja Lubumbashi, kuchukua motere, injini ya mtumbwi, ya marehemu kaka yake Mumba, na kumfungua mjane wake, Kapinga.

Ndivyo walivyo watu wa Mumba. Mali ya mwanaume haibaki kwa mke wala kwa watoto wake, inakwenda kwa mwana wa dada yake. Kapinga aliyajua hayo tangu siku ya ndoa, ijapokuwa yeye kwao ni Kasai, na hakuwa na neno nayo. Motere ingekwenda kwa Kangwa, mwana wa Madeleine, aifunge kwenye mtumbwi wake kule mto Luapula. Na kitu hicho cha mwisho kikishatoka kizima, Madeleine angemfunga Kapinga shanga nyeupe mkononi. Hapo angevua nguo nyeusi na kurudi kwenye kwaya ya bamama, wala mtu asimwite tena mke wa maiti. Kisipotoka kizima, shanga zinarudi Kasenga pamoja na aliyezileta.

Basi asubuhi ile, uani kwenye lupango la Kapinga, mtaa wa Kamalondo, walijaza pipa maji, wakaifunga motere kwenye ubao ukingoni mwa pipa. Aliyeitwa kuiwasha ni fundi Stanislas, mtengenezaji wa pikipiki na magrupu, mashine za kuzalisha umeme.

“Hii motere na mimi, njo mwaka moja tulizaliwa,” alisema Stanislas akivuta kamba. “Tofauti ni moja tu, miye ningali na meno.”

Mvuto wa sita, motere ikakohoa, ikashika, ikatema moshi wa buluu juu ya nguo za jirani.

“Ba Stani!” Régine, mwenye nguo, alipaza sauti nyuma ya ukuta. “Njo weye utafua tena hizi nguo?”

“Zitanukia wanaume, mama! Uache tu!”

Kapinga hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono ndani ya kitenge cheusi, midomo ikicheza. Alikuwa anasali. Mwaka mzima alikuwa amepika, amefua, amesali, na chozi halikutoka. Ndani yake palikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini hausikii kitu. Sala alizishika kwa sababu zilikuwa na mwanzo na mwisho.

Alipofika Baba Yetu ya nane, motere ikalegea sauti, ikazima.

Stanislas akafungua kifuniko cha tangi dogo lililo juu ya motere, achungulie. Esansi, petroli yenyewe, ilikuwepo. Akatoa buji, plagi ya cheche, akaisugua kwa msasa. Akavuta. Ikashika, ikaenda Baba Yetu nane, ikazima. Akafungua tena kifuniko, akachungulia. Akashusha karburateri, akaiosha yote, akapitisha uzi wa waya kwenye katundu kake kadogo. Ikashika. Nane, ikazima.

“Inakosa esansi,” alisema akijipangusa jasho. “Esansi iko, lakini haishuke. Sijue juu ya nini.”

“Miye najua,” alisema Madeleine kutoka kwenye kiti chake. “Mumba alikuwa anavuta mara moja, inatembea mpaka ng'ambo. Muntu aliondosha kintu mu tumbo ya hii motere. Miye nilifika siku ya pili ya kilio. Mbele ya miye kufika, nani alikuwa nayo mu nyumba?”

“Wifi,” alisema Kapinga, “sikuuzisha kintu.”

“Sijasema kuuzisha. Ni weye unasema.”

Mjane hagusi vitu vya mume wake tangu pumzi inapotoka mpaka familia ije. Madeleine alipofika siku ile, aliifunika motere pale ilipokaa, kwenye pembe ya saloni, yaani sebuleni, akafunga kitambaa cheupe kwa fundo lake mwenyewe. Leo asubuhi alilikuta fundo vile vile. Lakini siku ya kwanza haikuwa na fundo.

Stanislas akavuta kamba bila kufungua kitu. Motere ikashika, na Kapinga hakufika hata “utupe leo mkate wetu”. Ikazima.

“Sasa inachoka kabisa,” alisema fundi, akafungua kifuniko. Tangi likavuta hewa, fyuu, kama mtu aliyezibwa pua. Akafunga, akavuta. Nane.

Kapinga akaacha kusali. Kikifunguliwa kifuniko, nane. Kisipofunguliwa, hata moja haifiki. Akakitazama kile kifuniko, na juu yake ile visi, skrubu ndogo ya shaba, imekazwa mpaka mwisho. Vidole vyake vikakumbuka kabla yake.

Jioni ya siku ya kwanza ya kilio, mwili ulipoletwa, saloni ilijaa watu mikekani, watoto wamelala hadi miguuni mwa sanduku. Mishumaa ilikuwa inawaka. Na ile visi ilikuwa wazi, harufu ya esansi imesimama ndani ya nyumba. Akaenda akaikaza kwa nguvu zote, akarudi kukaa. Hakuna aliyemwona.

Hakuna aliyemwona, na hata sasa angeweza kuisogelea kama mtu anayepangusa vumbi, akailegeza kwa siri.

“Ba Stani,” alisema, “mulegeze ile visi ya juu ya kifuniko. Tangi haipumue. Njo miye niliikaza, siku ya maiti.”

Stanislas akakishika kichwa chake kwa mikono miwili. “Eh, Mungu wangu! Visi! Na miye nimeosha karburateri nzima!”

Madeleine alikuwa amesimama. “Uligusa kintu ya mufu.”

“Niligusa.”

“Na ulinyamaza mwaka muzima.”

“Nilisahau. Nakumbuka sasa, njo nasema sasa.”

“Esansi ilikuwa inanuka?”

“Sana.”

“Mishumaa ngapi?”

“Ine. Na batoto chini.”

Madeleine akamwashiria fundi aendelee. Stanislas akalegeza visi, akavuta. Nane ikapita. Kumi na tano ikapita. Motere ikatulia kwenye sauti moja, nzito, ile iliyokuwa ikisikika mtoni kabla mtumbwi haujaonekana, na Madeleine akajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Alilia kwa muda. Kisha akafungua leso, akamwita Kapinga kwa mkono, akamfunga shanga bila kumtazama machoni. Fundo lilikuwa lile lile la kwenye kitambaa, la kukaza sana.

“Nizime?” aliuliza Stanislas.

Kapinga alisimama karibu na pipa akingoja uchungu uje, au chozi, hata kidogo. Mumba hakuja. Maji yaliruka, yakamlowesha miguu. Akayatazama. Aliyasikia: yalikuwa ya uvuguvugu.