Nyayo za Kijani na Siku ya Kliniki

Siku ya kliniki, saa mbili na robo asubuhi, muuguzi Shadya alifagia baraza, akalifuta benchi la akina mama kwa kitambaa cha majimaji, akaitundika mashine ya kupimia presha kwenye msumari wake. Kisha akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Benchi lilikuwa tupu. Kutoka bomba la barabarani hadi mlangoni kulikuwa na nyayo za rangi ya kijani, jozi kumi na tisa, zimefuatana kama watu waliopanga foleni.

Nyayo hizo zilichorwa na wataalamu wawili kutoka mjini, Anuar na Rahila. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, Shangani, na kazi yao ilikuwa kuishauri serikali namna ya kuwafanya watu watende jambo lenye manufaa nao bila ya kulazimishwa. Watu wasipotupa taka kwenye pipa, wao hawatishi mtu, hulihamisha pipa. Wazee wasipokunywa dawa, hubadilisha rangi ya kopo. Kazi hiyo waliisomea na wakiiamini. Wizarani waliambiwa kwamba katika kijiji hiki, mbele kidogo ya Jambiani, wajawazito hawaendi kupimwa. Anuar alisema wajawazito hawakatai, wanasahau.

Muuguzi alikuwa akizunguka vijiji vinne kwa gari moja, na siku zake zilikuwa hazitabiriki. Anuar akashauri siku ya kliniki ifuate mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, kliniki iwe wazi saa mbili hadi saa saba mchana. Mwezi kila mtu anauona.

Siku ya kutangaza mpango, Bi Mwanakheri, mkubwa wa wakulima wa mwani, alinyoosha mkono.

"Mwanangu, siku hizo ndizo za bamvua. Maji yanatoka mpaka kule mwambani. Ndipo tunapoweza kuzifikia kamba zetu za mwani."

"Ndiyo uzuri wake, Bi Mwanakheri," alisema Anuar kwa adabu. "Ni siku ambayo hamwezi kuisahau."

"Hatuisahau. Ndiyo maana hatutokuja."

Wanawake walicheka. Anuar naye alicheka, akaandika kwenye daftari lake kwamba wanakijiji wamechangamka.

Hakuwa mtu mbaya. Alipiga magoti mwenyewe juani, akazichora nyayo za wajawazito wote kumi na tisa kwenye makaratasi magumu, mmoja mmoja, kisha akazipaka rangi kwenye saruji ya njia, ili kila mama aone kwamba ni yeye anayeitwa. Saruji ilikuwa ya moto. Ilipofika zamu ya Khairat, mkwe wa Bi Mwanakheri, mwenye mimba ya kwanza ya miezi sita, Rahila alikunja mtandio wake akauweka chini ili asiungue, na uliporudi na alama ya rangi ya kijani alisema si kitu.

Kliniki ya kwanza hakuja mtu. Ya pili pia hakuja mtu. Siku ya kliniki ya tatu, saa tatu kasorobo, nyayo ziliondoka mlangoni.

Za kulia zilitangulia, za kushoto zikafuata. Zilipita bombani, zikampisha mbuzi aliyelala njiani, zikazunguka nyuma ya skuli na kushuka pwani. Shadya aliandika saa ya kuondoka kwenye kitabu cha wagonjwa, kwenye safu ya mwisho, kwa sababu hakuona safu nyengine iliyofaa.

Wanawake walikuwa mbali, maji yakiwafika magotini, wameinama wanafunga mwani kwenye kamba. Kila jozi ilimtafuta mwenyewe, ikasimama kando yake chini ya maji.

"Hizi zimefuata nini huku?" aliuliza Bi Mwanakheri.

"Zimetufuata sisi," alisema Khairat.

"Haya, lakini zisikanyage kamba."

Hazikukanyaga. Kazi ikaendelea.

Khairat alikuwa na maumivu ya kichwa tangu jana yake, na ndara zake hazikumwingia asubuhi ile. Hakusema. Bamvua ni siku chache, na kamba isiyofungwa ndani ya siku hizo huchukuliwa na bahari. Kila alipoinuka aliona vimulimuli mbele ya macho. Alisubiri vipite, akainama tena.

Saa sita na nusu nyayo zilirudi kliniki. Zilitangulia kufika kuliko wanawake, maana hazikuwa na kamba za kumalizia wala magunia ya kubeba. Zilijipanga mahali pao, zikichuruzika maji ya chumvi. Shadya alizipitia kwa macho, akaona jozi moja imevimba. Alichuchumaa akaibonyeza kwa kidole gumba. Kibonyeo kilibaki vilevile, kama kwenye unga uliokandwa. Alihesabu moja, mbili, tatu, hadi kumi. Hakikujaa. Akafungua bahasha ya makaratasi aliyoyaacha Anuar, akalinganisha kisigino, akaona jina la Khairat.

Alivua viatu, akaining'iniza mashine shingoni, akaifuata jozi ile hadi baharini.

Khairat alikalishwa juu ya gunia la mwani. Wenzake wawili walimshikilia khanga juu ya kichwa apate kivuli. Shadya alipima mara mbili.

"Presha yako iko juu sana, Khairat. Unaondoka sasa hivi, unakwenda hospitali."

"Nimalize kamba hii moja tu, imebaki kidogo."

"Kamba hiyo nshaishika mimi," alisema Bi Mwanakheri, na kweli alikuwa ameishika. "Nenda, mwanangu. Mwani wako ntaufunga kabla ya wangu."

Kule barabarani dereva wa muuguzi, Khatib, alikuwa ameshapiga honi mara tatu. Alipomwona Khairat alivyo, alishuka mbio. Aliondoa maboksi kiti cha nyuma, akampeleka hospitali mjini. Kijiji cha pili kilimngoja muuguzi hadi alasiri, kisha watu wakatawanyika. Siku ya pili yake Khairat alijifungua mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

Kliniki iliyofuata Rahila alikuja, akashuka pwani, akazihesabu nyayo majini. Zilikuwa jozi kumi na nane, kwa sababu jozi ya Khairat ilibaki mlangoni ikipumzika. Aliandika kwenye ripoti kwamba saa za kliniki ni saa za maji kupwa. Anuar aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akaiona ni ya kweli, akaihamishia ukurasa wa mwisho baada ya majedwali. Ukurasa wa mwanzo ulisema nyayo zimewafikia akina mama wote. Mpango ulisifiwa, ukapelekwa vijiji vyengine sita vya pwani, na mwezi wake uleule.

Shadya alipata barua. Aeleze kwa nini aliondoka kituoni saa za kazi, na kwa nini gari ilikwenda nje ya ratiba. Tangu siku hiyo asivuke mlango kabla ya saa saba, na saa saba ikifika apande gari. Aliijibu kwa heshima, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha wagonjwa.

Miezi miwili baadaye mwezi ukaandama tena. Arobaini ya Khairat ilikuwa imekwisha, na yeye ndiye peke yake aliyekuwa benchini, mtoto mapajani, na ndoo ya maji baridi miguuni. Nyayo ziliporudi kutoka baharini alizimwagia maji polepole, moja moja, kuondoa chumvi. Shadya alizibonyeza kutoka kwenye kiti chake, kila moja ikimsogelea kwa zamu.

Kwenye jozi ya saba kibonyeo kilibaki.

"Ya nani hii?" aliuliza Shadya.

Khairat aliinama akatazama kidole cha mwisho kilichopinda. "Zuleikha. Yuko kule kwenye kamba za mwisho."

Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Chini yake bango la Anuar lilisema: Mwezi umeandama, karibu mama. Khairat alimkabidhi Shadya mtoto, akafunga khanga vizuri kiunoni, akashuka pwani akiifuata jozi ya Zuleikha.

Saa saba Khatib akapiga honi. Shadya alimweka mtoto begani, akampigapiga mgongo, akabaki kwenye kiti.