Mashine Iliyomkumbuka Benta

Hayakuwa mapenzi ya kazi yaliyompeleka Benta Adongo kwenye tawi la kliniki yao huko Tassia asubuhi ile. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na bosi alishamwambia mbele za watu kwamba fundi anayeshindwa na nywila hamfai. Benta alikwenda asije akamwaga unga.

Muhiba wa mapokezi alikuwa amebadilisha nywila yake, lakini kompyuta ilikubali ya zamani na kukataa mpya. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi.

"Ya jana inafungua, ya leo inakataa," Muhiba alisema. "Hii kitu imenichokesha, dada."

Benta akajaribu kwa jina lake mwenyewe. Ikafunguka bila ubishi. Hapo akaelewa. Majina na nywila za wafanyakazi wote hukaa kwenye seva kuu, mjini. Ila kwa kuwa mtandao wa Tassia ni wa kubahatisha, mashine ilipangiwa kujiwekea nakala, isiulize mjini kila mara. Nakala ilikuwa ya zamani, nayo mashine ilikuwa imeacha kuuliza.

Akampigia Twalib, msimamizi wa seva kuu. Benta ndiye aliyemfundisha kazi hiyo, na mara ngapi alimlisha omena kwake Kaloleni, siku ambazo Twalib hakuwa hata na nauli.

"Nakala ndiyo inasumbua huku. Nitoe jina la Muhiba tu?"

Twalib akajibu: "Futa yote, dada Benta. Usiache jina."

Akafuta yote. Muhiba akaingiza nywila mpya, ikakubali, foleni ikaanza kusonga. Benta alifurahi, tena sana. Sasa bosi angesema nini? Akaketi aandike ripoti, akaingiza jina lake.

Mtumiaji huyu hayupo.

Akaandika tena, herufi moja moja. Hayupo.

Kumbe mjini walishamfuta. Ni nakala ile kuukuu tu iliyokuwa bado inamtambua, naye ameifuta kwa mkono wake mwenyewe, kwa maagizo ya Twalib. Ya bosi aliyatarajia. Ya Twalib yalimchoma. Kikulacho ki nguoni mwako. Akampigia tena. Simu ikaita mpaka ikakatika.

"Aki asante, dada," Muhiba alisema. "Jumatatu utakuja kutuangalilia ile printa?"

Benta akachukua mkoba wake.

"Muulize Twalib," akasema. "Yeye ndiye anajua nani yupo."