Kilo Arobaini na Nane za Bernadetha

Mvua za mwaka ule wa El Niño ziliikata nchi vipande vipande. Kule Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, migomba ililala chini, mifereji ikafurika, na kahawa ikagoma kukauka. Lakini kilichomnyima Bernadetha usingizi hakikuwa kahawa wala migomba. Ilikuwa ni habari iliyofika parokiani kwa simu ya upepo kutoka misheni moja ya Mahenge, mbali huko kusini, kwamba binti yake Martha amejifungua kwa kupasuliwa. Mtoto ni mzima. Mama mtu ndiye anayekataa chakula, na kila akiamka anauliza kama mama yake yuko njiani.

Njia yenyewe haikuwepo. Barabara ilikuwa imemezwa na maji, na kivuko cha Mto Kilombero kilikuwa kimesimamishwa. Na kwao mwanamke aliyejifungua haachwi peke yake. Hupikiwa mtori, supu nzito ya nyama na ndizi mshare, hupewa maziwa yenye samli, na hashiki ndoo wala jembe mpaka mwili umrudie. Anayemlea ni mama mkwe au mama mzazi. Mama mkwe wa Martha alikwisha kufa, kwa hiyo alibaki Bernadetha.

Padre alimwambia kuwa Alhamisi ndege ndogo ingeondoka Moshi na mbuzi wa maziwa, zawadi kwa familia za misheni ileile. Halafu akaongeza kwa huruma kwamba ndege hiyo haichukui abiria. Inachukua mizigo tu.

Bernadetha alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyasema akitazama chini. Alipanda kilima kurudi nyumbani akiligeuza lile neno kichwani: mizigo tu. Kulipokucha alikwenda chama cha msingi, mahali wakulima wanapopeleka kahawa, akamkuta Kornel, karani wa mizani, anafagia.

"Leo umeleta kahawa, mama?" Kornel aliuliza baada ya kumwamkia.

"Nimejileta mimi. Nipime."

Kornel alidhani amesikia vibaya. Alipoona mama wa watu amekwisha kupanda juu ya mizani, amekusanya kanga yake na kusimama wima kama gunia lililoshonwa vizuri, alisogeza vyuma, akasoma, akamwambia ni kilo arobaini na nane. Akamtania kwamba kwa uzito huo hata gredi ya kwanza hapati. Bernadetha alishuka, akashukuru, akaondoka akiishika ile namba moyoni kama anayekwenda kuisema mbele ya askofu.

Alhamisi asubuhi alifika kwenye kiwanja cha ndege cha Moshi na kapu kubwa kichwani. Ndani mlikuwa na mkungu mzima wa mshare, kibuyu cha samli na vitenge vya kumfungia mtoto. Msimamizi wa mizigo, Wenseslaus, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba asiye mwajiriwa wa kampuni hapandi, isipokuwa mtu anayekwenda kuwahudumia wanyama hai waliomo ndani, na huyo yupo tayari. Hakuitunga yeye sheria hiyo. Ndege ile haina viti vya abiria, na mtu akipakiwa kienyeji, likitokea la kutokea hakuna wa kumjibia.

Bernadetha alitazama viatu vyake vilivyojaa tope.

"Niandike mzigo," alisema. "Nimeshapimwa. Nina kilo arobaini na nane."

Vijana wa kupakia waliangua kicheko. Wenseslaus hakucheka. Aliuliza amepimwa wapi, naye akajibu kwamba kwenye mizani ya kahawa. Wenseslaus alivua kofia, akajikuna kichwa, akamwambia kwa masikitiko kuwa mtu hawezi kuwa mzigo, hata akitaka mwenyewe. Akamwonyesha benchi la kupumzikia ili asirudi mlimani na mvua.

Kwenye benchi hilo alikuwa ameketi Aristides wa Rau, mhudumu wa mbuzi, bonge la mtu ndani ya koti jipya. Alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Nusu ya Rau ilikuwa imemuaga, na mke wake alikuwa amemchinjia kuku. Alimsogezea Bernadetha nafasi, akamuuliza habari zake, naye akamsimulia kidogokidogo.

Hawajamaliza, rubani akatoka chumba cha redio. Misheni imesema kiwanja chao cha nyasi kimelowa. Ndege ikienda nzito hivyo, magurudumu yatazama. Lazima wapunguze kilo arobaini. Wenseslaus alitazama mbuzi, akasema kwa shida kwamba basi mmoja ashushwe.

Mbuzi wote walikuwa na mimba, na kila mmoja alikuwa na familia inayomngoja. Aristides aliwatazama, kisha akamtazama mwanamke aliyekaa pembeni yake. Mwisho akafungua vifungo vya koti.

"Wenseslaus, mimi nina kilo tisini na moja," alisema. "Huyu mama ana arobaini na nane. Mshushe mbuzi mnene anayeitwa Aristides."

"Mhudumu lazima ahudumie kweli," Wenseslaus alisema. "Siandiki jina la mtu wa kukaa tu."

Rubani, ambaye alitoka Dodoma, alimgeukia Bernadetha na kumuuliza kama amewahi kuchunga mbuzi. Bernadetha hakuwa na desturi ya kusema uongo.

"Sijawahi hata siku moja."

Rubani akainua mikono. Hapo Aristides alicheka mpaka benchi likalia.

"Wewe Mgogo, huku nani anachunga mbuzi? Achungie wapi, kwenye kahawa ya jirani? Mbuzi wetu analala ndani na mwenye nyumba, anakatiwa majani, anamenyewa ndizi. Muulize kama amewahi kulala bila kusikia mbuzi anacheua."

"Hapana," Bernadetha alisema. "Hilo nalo sijawahi."

Wenseslaus alimwambia aingie kwa mbuzi ili amwone. Aliingia, akamshika wa kwanza sikio, akampapasa tumbo, akalegeza kamba iliyokuwa ikimbana mwingine shingo. Wenseslaus akalikata jina la Aristides na kuandika la Bernadetha. Mizani ilipomaliza hesabu, alibakiwa na kilo tatu tu za mzigo wake. Alisimama mbele ya kapu, akatoa chane moja ya mshare na kitenge kimoja.

Vilivyobaki alimwachia Aristides, akamwambia awapelekee wa nyumbani kwake.

"Rau nitawaambia ndege imeharibika," Aristides alisema akilinyanyua kapu. "Yule mbuzi mweupe ana woga. Usimwache."

Rubani alimkalisha kwenye kiti cha kukunja cha mhudumu, akamfunga mkanda, akamwonyesha mlango na jinsi unavyofunguka, na kumwonya kwamba mbuzi wala mzigo visikae kati yake na mlango huo. Bernadetha alirudia kila neno polepole mpaka rubani akaridhika.

Walipopaa, mbuzi mweupe alichachamaa. Alivuta kamba, akawapiga wenzake mateke, akalia kama mtoto. Bernadetha aliukumbatia ule uso wenye pembe mapajani, akauimbia wimbo wa Kichagga wa kubembelezea watoto. Haukusaidia. Alitazama chane yake ya mshare. Alimaliza sala nzima ya Salamu Maria akiitazama. Kisha akachuma ndizi moja, akampa.

Mbuzi alitulia kwa muda wa kuila, akaanza tena. Akampa ya pili. Rubani alimwita kwa sauti atazame dirishani, mlima umefunguka, theluji yote inaonekana. Bernadetha alijibu kwamba yuko kazini.

Mchana aliingia chumba alicholazwa Martha, nguo zake zikinuka mbuzi. Martha alikuwa amekonda. Alimtazama mama yake kana kwamba anaota, kisha machozi yakamtoka, kisha, kama mtoto wa Kibosho yeyote, akauliza mama amemletea nini.

Bernadetha aliweka ndizi mbili kitandani.

"Ilikuwa chane nzima," alisema. "Nyingine ameila mfanyakazi mwenzangu."

Martha alicheka huku ameshika kidonda, akamwomba asimchekeshe, akacheka tena. Bernadetha alimchukua mjukuu, akamvika kitenge, akamtazama vidole, akamrudisha kwa mama yake. Halafu akatoka kuwatafuta masista, awaombe sufuria na kipande cha nyama.

Mtori wa ndizi mbili haujazi hata bakuli. Martha aliula wote, akaomba na mwiko aulambe.